Moyo ya Donat ku Jina Yangu

Mama Angélique, mupendwa mushauri wetu wa radio, naomba unisaidie mbele banamupasua mudogo yangu kifua, juu mi njo niko na neno moja mu kinywa yenye ingeweza kumuokoa, ao kumuua, sijue, na tangu siku ile ku hopital nashindwa kuitoa, nakula nayo, natumika nayo, naimba nayo misa, na nashituka hata kama mutu anabisha ku mulango.

Niko baba ya makamo, nilisoma kidogo kwa bapadri ku Mitwaba, unisamehe juu naandika sawa vile nasema. Natumika ku kampuni ya shaba, upande ya four, ile tanuru fasi banayeyushaka shaba. Majina ya humu haiko yetu ya kweli, mi uniite Chomba, na mudogo yangu, ule anafwata nyuma yangu mu tumbo ya mama, umuite Donat. Donat hana kazi ya kampuni. Iko fundi wa kushona, machine yake iko pa baraza ya nyumba kule Katuba, na abacost, ile koti ya bakubwa, ingine unaionaka banavaa ku mikutano ya parti, kola yake ilitoka mu mukono ya Donat.

Sasa sikia namna tunaishiaka hapa mu camp ya bafanyakazi, na wewe unajua, uko wa hapa. Mwenye kazi anapata carte ya hopital, ya yeye na bibi na batoto. Mudogo yake, hapana. Mama yake, hapana. Basi tunaazimana. Sikuanza mi. Camp yote inafanya vile, na ule citoyen wa ku guichet, dirisha ya kuandikisha, anaangalia photo yenye ilisha kufutika, anaangalia sura ya muntu, anasema "Mm", anapitisha. Donat na mi tunafanana mapua na paji ya uso, ni kusema hata mama alikuwaka anatuchanganya kama tunaimba mu chumba. Malaria ya Donat ilitunzwa ku jina yangu, jino yake ilingolewa ku jina yangu, na siku moja ule wa guichet aliniambia kwa kicheko, "Baba Chomba, kwa muntu wa four mwenye mabega namna hii, unagonjwaka sana, ee!" Nikacheka naye. Tulizoea. Haikuonekana sawa uongo tena, ilionekana sawa undugu.

Ile ya moyo ilianza mbele, misimu miwili ya mvua yenye ilipita. Donat alikuwa anashona, akaanguka juu ya machine. Alisema kulikuwa sawa muntu anapiga magoti pa kifua yake, jasho inatoka baridi, mukono ya kushoto nzito. Mi na bibi yangu Régine tulikuwa ku Likasi ku kilio ya mujomba, na carte ilikuwa mu mufuko ya koti yangu. Bibi ya Donat, Brigitte, akampa maji ya moto na chumvi, banasema ni tumbo. Ilipita. Tulirudi, tukamukuta anakula sombe. Akasema, "Yaya, kaka yangu, ilikuwa tumbo tu." Nani angebishana na muntu anakula sombe?

Lakini tangu pale hakukuwa tena muntu yule. Kupanda ngazi ya kanisa, anasimama katikati anafanya sawa anafunga kiatu. Kulala, anataka mito, kisha anakaa tu, mugongo pa ukuta.

Kisha ikakuya Januari. Kampuni inapimaka bantu ba four bale balisha kufika umri yangu, wanakulalisha, wanakutia bile bintu ya baridi pa kifua, karatasi inatoka na mistari ya moyo. Banaiita electro. Munganga wa kampuni akaangalia yangu akasema, "Chomba, moyo hii unaweza kuazima muntu." Nilirudia hiyo maneno ku nyumba kwa kujivuna.

Nyuma ya Pasaka miguu ya Donat ikavimba mupaka viatu hayiingie, pumuzi ikawa fupi sawa ya kasichana kenye kulia. Nikatoa carte. Na mbele ya kufika pa guichet nikamufundisha ndani ya taxi, nikamuambia, "Donat, sikia muzuri. Kama banakuuliza ilianza wakati gani, usiseme ile siku ya machine. Sema nyuma ya Pasaka. Juu ku dossier, faili ya Chomba, mwezi ya kwanza moyo ilikuwa muzuri, na Chomba njo wewe." Akaitika na kichwa, hakuwa na pumuzi ya kujibu. Njo vile alilala pale, Chomba, muntu wa four, na mi naingia kumutembelea sawa Donat, mudogo yake. Nurse moja, jina yake Mimi, muntu muzuri sana, alikuwa ananituma, "We mudogo, saidia yaya yako avue shati." Na mi naitika, "Ndiyo, mama." Donat alikuwa anacheka na macho tu. Ile ilikuwa kicheko yetu ya mwisho, Mama.

Sasa kukakuya munganga mugeni, mubelgiji, mutu wa moyo, na machine yenye kuonyesha moyo ndani ya télévision kadogo. Alisema bagonjwa bale moyo ilisha kuchoka, kampuni inaweza kutuma bamoja Ulaya wapasuliwe: banatoa mushipa ku muguu, banaishona ku moyo ili damu ipitie njia mupya, izunguke fasi kwenye iliziba. Lakini mbele, alisema, anapaswa kujua kintu moja. Ile fasi ya moyo yenye haijongee tena, nyama yake inalala, ao ilisha kufa? Kama inalala juu ya njaa ya damu, ukiiletea damu itaamuka. Kama ilisha kuwa kovu, unaweza kuileta damu ya dunia yote, haitaamuka, na muntu mwenye moyo zaifu namna ile, kumufungua kifua bure ni kumuua.

Nilielewa ile maneno kupita bote mu ile chumba. Mi niko muntu wa four. Four yenye moto ilishuka, unaongeza makaa, unapuliza, inarudi. Lakini four yenye shaba iliganda ndani, hata ulete makaa ya Katanga nzima, unaisumbua bure, na ukilazimisha inapasuka inaunguza bantu. Na kwa inje, Mama, zote mbili zinafanana. Zimenyamaza tu.

Basi bakamulalisha Donat. Bakatia dawa mu mushipa ya mukono, kidogo kidogo, dawa ya kuchokoza moyo, waone kama ile fasi yenye kunyamaza itajibu. Munganga anapitisha kile kintu ya machine pa mbavu, anaangalia télévision, anasema mu français, na nurse Mimi anageuza mu Swahili.

"Docteur anasema upande ya mbele inajongea. Kidogo, lakini inajongea."

Brigitte, mwenye kusimama na mi pale, akaanza, "Asante Yesu, asante Yesu."

"Mama, nyamaza kwanza. Anasema upande ya chini... hajue. Mara anaona, mara haone."

Munganga akarudisha kile kintu, akaangalia tena, akakunja uso. Donat alikuwa analala paka na macho wazi, jasho pa paji, anaangalia si télévision, anaangalia mi. Kisha munganga akaacha, akachukua dossier, akaipindua pindua, akatoa karatasi moja. Ile ya Januari. Electro yangu, Mama. Mistari ya moyo yangu mi.

Akaiweka pembeni ya ile ya Donat, akatabasamu mara ya kwanza. Nurse Mimi akageuza, "Anasema hii inamusaidia sana. Mwezi ya kwanza moyo ya citoyen Chomba ilikuwa nzima kabisa. Ni kusema hii maumivu haiko ya zamani, ni ya juzi juzi. Yenye ni mupya namna hii, mara mingi inalala tu. Alikuwa anasita, sasa hasite tena. Ataandika ndiyo."

Kisha munganga akauliza, na akaniangalia mi, juu mi njo nilikuwa nasimama karibu: "C'est bien ça?" Nurse Mimi akageuza: "Ni kweli? Mbele ya Pasaka hakuwahi kuumwa kifua?"

Mama Angélique, mlango ilikuwa wazi. Ilikuwa kusema neno moja tu. Niliona Donat juu ya machine ya kushona, niliona koti yangu ku Likasi na carte ndani, na nikasikia sauti yangu inasema, "Hapana, docteur. Yaya yangu alikuwaka muzima kabisa."

Brigitte akaanguka magoti anashukuru. Munganga akanipiga bega. Tangu pale silali.

Sasa mambo inakimbia. Bakamuacha Donat arudi ku nyumba kungojea safari. Banatengeneza passeport ku jina yangu na photo ya Donat. Karatasi ikafika ku kazi, na chef wetu, Baba Yuma, akaisoma mbele ya bantu bote ba équipe, akavua lunettes ya macho, akaniangalia kutoka chini mupaka juu. "Chomba. Banasema unaenda Ulaya kutengenezwa moyo. Moyo gani? Ile yenye jana ilimaliza bukari yako na ya muzee Lumbu hapa?" Bote bakacheka. Mi pia. Kisha akanivuta pembeni ya fasi ya makaa, hakucheka tena. "Sikia. Mi sijaona kintu, mi niko na batoto. Lakini ule mugonjwa akifia kule, mi nitaandika citoyen Chomba amekufa. Sasa nyuma yake wewe utakuya hapa kutumika sawa nini? Sawa pepo?"

Nikaenda nikamuelezea Régine. Sikumuambia ya electro, nilimuambia tu ya passeport ku jina yangu. Akaacha kusafisha muchele, akasema, "Ni kusema akikufa, kampuni itanitolea mi karatasi ya ujane, na wewe unaikaa pale unanitazama? Na Brigitte, yeye atalia nani? Shemeji?"

Njo nikamufwata Brigitte, nikamuambia ya electro. Yeye tu anajua, na sasa wewe. Hakushangaa. Alinikamata mukono, kucha yake zikaingia. "Shemeji, ulisema hapana pale, basi ibakie hapana. Ukifungua kinywa sasa, munganga atatoa jina yake mu bale ba kwenda Ulaya, na mi nitamutazama bwana yangu anazama mu maji ya mwili yake, mugongo pa ukuta. Ukisema, umemuua wewe." Na mi nilikuwa naona, nikinyamaza, nimemuua pia. Njia zote mbili zinaenda fasi moja.

Na Donat? Donat anashona. Anashona abacost yake ya kusafiri. Anatia sindano, anapumzika, anavuta pumuzi, anatia tena. Ile siku ya kipimo, docteur alisema kwa français, na nurse Mimi aligeuza, lakini sijue kama Donat alielewa ile ya electro ao kama kichwa yake ilikuwa mbali. Hatujazungumza. Juzi nilikaa naye pa baraza, akaniomba nivae ile koti apime mabega, juu yake zimeshuka lakini anasema nyuma ya opération zitarudi kuwa sawa yangu. Nikavaa. Akaweka alama na chaki pa mugongo yangu. Mikono yake baridi, Mama. Akasema, "Yaya, unatetemeka, nitakosa mustari." Nikasema ni baridi.

Naogopa ataenda na moyo yenye iliganda, banamufungua bure. Naogopa nikisema, ile fasi ilikuwa inalala tu na mi ndiye nimemunyima njia. Naogopa kampuni ikijua, carte, kazi, nyumba ya camp, posho, masomo ya batoto, yote inaisha, na mi niko muzee mbele ya four ya wengine. Mara nasema nilinyamaza juu ya upendo, juu nataka kumuokoa mudogo yangu. Mara nasema Mungu alitia ile electro pale kwa makusudi. Niambie tu cha kufanya. Ao niambie kama kunyamaza ni sawa, na nitanyamaza muzuri.

Mi,
ule banaita Chomba, Lubumbashi

*

Baba Chomba,

Barua yako sikuisoma ku radio, na sitaisoma. Nimetuma ule mutu mwenye alileta barua yako akuletee hii jibu mu mukono, juu jambo yako haingojee zamu ya barua zingine. Ikaa, uisome mupaka mwisho, kisha usimame.

Kwanza, pole. Muntu mwenye kuona mudogo yake anavuta pumuzi mugongo pa ukuta, na hana munganga wa kumupeleka isipokuwa kwa jina ya mwingine, sitamutupia jiwe. Ile carte, nusu ya bale banasikiliza kipindi yangu waliisha kuiazima, na nusu ingine waliisha kuiomba. Si ile inanikasirisha. Uliazima jina, jina haina damu.

Inanikasirisha ni kwamba uliazima moyo. Pale munganga alipoweka zile karatasi mbili pembeni, alikuwa anasoma bantu wawili akifikiri ni mumoja, na mu ile chumba muntu mumoja tu alijua, na huyo muntu akasema "hapana, docteur". Unaandika ni upendo. Soma tena barua yako, baba. Pale unapohesabu woga yako, Donat anapata mistari mbili, kisha unakuya ku carte, kazi, nyumba, posho, masomo, na pale hata mwandiko yako inakuwa muzuri zaidi. Sikusemee vile nikuumize. Nyumba ya batoto ni kintu ya kweli, na woga yake ni ya kweli. Lakini uite kwa jina yake. Usiivalishe koti ya upendo, wala usimuvalishe Mungu.

Sasa ya Brigitte. Anasema ukisema umemuua. Unamuamini juu ya nini? Nimekwenda kwa munganga moja mwenye kunisaidiaka, sikumutajia jina wala kampuni, nikamuuliza. Akaniambia hivi. Ile dawa waliyotia mu mukono ya Donat ilijibiwa na moyo ya Donat, si yako. Upande ya mbele ulijongea, na ule ukweli hakuna mutu ataufuta. Yenye haijulikane ni ile ya chini, na pale mugeni wenu alijaza na karatasi yako, juu alihitaji kintu ya kujaza. Akijua karatasi ile si ya Donat, na akijua ile siku ya machine ya kushona, hatasema lazima hapana. Anaweza kurudia kipimo, polepole zaidi, akaangalia ile fasi ya chini bila kitu ya kumudanganya macho. Anaweza kusema nyama ya mbele peke yake inatosha, twende. Anaweza kusema dawa tu, si kisu, na dawa iko, ingawa si nyingi. Ao kweli anaweza kusema ilisha kuganda, sawa vile wewe unaijua kuliko mi. Hata ile ya mwisho ni bora kuliko ndiyo yenye mumeijenga juu ya kifua yako. Akifunguliwa juu ya ile ndiyo, muntu mwenye kisu atakuwa anatafuta moyo ya Januari, na hataiona, juu iko hapa Lubumbashi inapiga mbele ya four.

Na mu barua yako yote, ndefu namna ile, kuna muntu moja hakuna aliyemuuliza. Umemuuliza Régine. Umemuuliza Brigitte. Chef wako umemusikiliza pa makaa. Umeniuliza mi, muntu wa radio, sijawahi kukuona. Donat anapima mabega yako na chaki na wewe unamuambia ni baridi! Moyo ni yake, baba. Alikuangalia wewe pale juu ya kitanda, si télévision, na unafikiri alikuwa anatazama nini? Alikuwa anangojea yaya yake aseme.

Basi utafanya hivi. Leo, si kesho, utaenda Katuba. Brigitte akiwa pale, akae, asikilize, mumuheshimu lakini asiseme kwa niaba yake. Utamuelezea Donat ile electro ni ya nani na iliandika nini mu kichwa ya munganga. Utamuambia kwa maneno ya four, anayaelewa, ni mudogo ya muntu wa four. Kisha unyamaze, na kwa mara hii kunyamaza kutakuwa na faida. Kama anasema twende tukaseme, mutaenda wote wawili. Kama anasema tuache, nataka kupasuliwa hivi hivi, una haki ya kulia naye, lakini hata hapo munganga lazima ajue, juu hakuna muntu anaweza kukubali hatari yenye munganga mwenyewe haijue. Hiyo sikupi ruhusa ya kuzunguka.

Ku hopital musiende pa guichet. Mutafute nurse Mimi, aombe munganga mubelgiji apate nafasi na mlango imefungwa. Siri ya mugonjwa ni yake, hana kazi ya kukimbilia ku bureau. Usianze na mahubiri wala na machozi. Sema: hii electro ni yangu, si yake, aliumwa kifua mbele, akaanguka juu ya kazi yake, misimu miwili ya mvua imepita, tulidanganya. Na kama nurse Mimi anageuza vibaya juu ya haya, umurudishie, aseme yote. Kisha mungoje.

Ya kazi sitakudanganya. Sijue kama utaibakiza nyumba. Lakini enda mwenyewe kwa Baba Yuma mbele ya mwingine hajaenda, umupe carte mu mukono, na umuombe mwenye kusimamia bafanyakazi akae pale munazungumza. Muntu aliyejileta wanamuazibu. Muntu aliyekamatwa na maiti ya Ulaya ku jina yake wanamufukuza na bibi yake anaitwa mujane akiwa anapika. Régine alishaiona hiyo, ulimukatia tu maneno. Muambie na yeye yote, mbele ya wewe kuenda Katuba. Ana haki kujua kwa nini labda atafunga mizigo.

Na Brigitte, usimukasirikie. Nimemuona bibi kama yeye mara mingi, wanashika kucha pa mukono ya muntu yoyote mwenye kamba. Muambie Mama Angélique anasema wewe hauna kamba, munganga ndiye anayo, na hawezi kuitupa fasi sahihi kama munamuficha muntu anazama wapi.

Kama banarudia kile kipimo, ingia naye. Usisimame pembeni ya télévision, hauielewi ile picha na haitakusaidia kitu. Simama fasi Donat anakuona. Nurse Mimi atakuya na karatasi, na juu jina ya dossier bado ni yako, ataita citoyen Chomba. Mudogo yako alisha kuzoea kuitika. Muache afunge kinywa, apumzike. Itika wewe.